Mzee wa Santuri Anajibu: Nyimbo za Vinanda Zilizopitishwa Kiwandani

Ukurasa huu kwa kawaida hujaa maswali ya dansi na taarabu, lakini mwezi huu barua kadhaa, kila moja kutoka mji wake, zimegusa jambo moja ambalo sikulitarajia. Nimeziweka pamoja ili jibu la mmoja limsaidie na mwenzake.

Swali: Shikamoo Mzee wa Santuri. Mjomba wangu aliyesoma Marekani miaka ya tisini ametuachia sanduku la sidii, na mojawapo inaitwa Newer Wave. Alinieleza kwamba ni nyimbo za zamani za vinanda vya umeme ambazo zimerudiwa na bendi za muziki wa kiwandani. Nimeisikiliza mara mbili. Tuni nyingine nahisi niliwahi kuzisikia redioni nikiwa mdogo, ila humu zimevishwa kelele za mashine, na waimbaji ni kama watu waliokosana na jirani. Je, hawa walikuwa wanawakejeli wenye nyimbo zao? — S.H., Tanga

Jibu: Marahaba, mwanangu, na hongera kwa urithi. Diski hiyo ilitolewa mwaka 1997 na 21st Circuitry, kampuni ndogo ya San Francisco iliyojikita katika muziki huo wa kiwandani. Mpango wake ni rahisi kueleza: kila bendi ichague wimbo mmoja wa kile kilichoitwa wimbi jipya, yaani muziki uliovuma Uingereza na Marekani kuanzia mwishoni mwa miaka ya 1970 hadi katikati ya miaka ya 1980, kisha iupige upya kwa vyombo vyake na kwa hasira zake yenyewe. Kwa ufupi, hapana, haikuwa kejeli, ingawa mikusanyiko ya aina hii haikosi wimbo mmoja au miwili ya mzaha. Maelezo kamili yanahitaji tuanze na majina haya mawili, kwa sababu wengi huyachukua kama majina ya mahasimu, na kosa linaanzia hapo.

Jina la wimbi jipya lilishikiwa bango na wauza santuri, hasa Seymour Stein wa Sire Records ya New York, ambaye alitambua kwamba vituo vya redio vilikuwa vikiliogopa neno panki, jina la muziki wa magitaa wa vijana waasi, na kwamba bidhaa ileile ingepokelewa vizuri ikipewa jina la heshima zaidi. Baadaye jina hilo likawakumbatia vijana waliotupa magitaa na kununua sintesaiza, yaani vinanda vya umeme, na mashine za ngoma, ambazo bei yake ilikuwa imeanza kushuka kiasi cha kufikiwa na mtu wa kipato cha kawaida. Nyimbo zao zilikuwa fupi, zenye tuni za kushikika, na zikiimbwa kwa sauti baridi kama ya karani anayekusomea bili ya maji.

Muziki wa kiwandani nao una mahali pa kuzaliwa panapojulikana. Mwaka 1976 kundi la Throbbing Gristle la London lilianzisha kampuni yake ya santuri na kuiita Industrial Records. Walifanyia kazi Hackney, katika jengo lililokuwa kiwanda, na wakapaita mahali hapo kiwanda cha kifo. Jina hilo lilikuwa na ncha mbili. Ya kwanza ni sauti zenyewe, ambazo ni milio, mingurumo na mapigo yasiyo na huruma. Ya pili ni dhihaka kwa biashara ya muziki ambayo, kwa maoni yao, ilikuwa ikifyatua nyimbo kama tofali.

Sasa tazama walivyoishi pamoja. Katika Sheffield, mji wa chuma cha pua, Cabaret Voltaire walianza mwaka 1973 kwa kukata na kuunga kanda za tepu darini kwa mmoja wao. Mwaka 1977, katika mji huohuo, likazaliwa kundi la Human League, ambalo singo yake ya kwanza, yaani santuri ndogo, ya mwaka 1978 ilikuwa baridi na ya kutisha kiasi kwamba ungeweza kuiweka kwenye diski yako ya urithi bila kugusa hata noti moja. Waasisi wawili, Martyn Ware na Ian Craig Marsh, wakajitenga mwaka 1980. Waliobaki wakawaalika wasichana wawili waliokuwa bado shuleni, na kufikia Desemba 1981 walikuwa kileleni mwa chati ya Uingereza kwa wimbo ambao hadi leo hupigwa harusini.

London nako, Daniel Miller alirekodi nyumbani kwake singo ya nyimbo mbili mwaka 1978 na kuitoa kwa jina la Mute Records, kampuni ya mtu mmoja. Baada ya miaka michache kampuni hiyo ilikuwa na Depeche Mode, vijana wa Basildon waliopendwa na wanafunzi wa sekondari, na papo hapo ikawa inatoa kazi za Einstürzende Neubauten wa Berlin, wapiga vyuma chakavu, na kuzirudisha sokoni santuri za Throbbing Gristle. Mwenye nyumba alikuwa mmoja na wapangaji wote walikuwa wake. Basi isikushangaze kwamba mwaka 1983, walipokuwa wakirekodi albamu yao ya tatu katika studio iliyokuwa Shoreditch, Depeche Mode walitoka mitaani na nyundo na kinasa sauti, wakagonga mabati na mabomba, kisha wakaiingiza milio hiyo katika mashine iliyoitwa Synclavier ili waipige kwa vidole kama kinanda. Hao ndio watu ambao mjomba wako pengine alisikia wakiitwa bendi ya kitoto.

Upande wa Marekani kulikuwa na duka la Wax Trax! la Chicago, la Jim Nash na Dannie Flesher, ambamo santuri za aina zote mbili zilipangwa karibu karibu, na baadaye duka likazaa kampuni iliyobeba jina lake. Mmoja wa waliokulia katika mazingira hayo ni Al Jourgensen wa bendi ya Ministry. Albamu yake ya kwanza, ya mwaka 1983, ni ya vinanda vitamu tupu, naye ameikana kwa miaka mingi akisema alilazimishwa na kampuni iliyomsajili. Ukiilinganisha na albamu yake ya mwaka 1988, utadhani aliyeimba ile ya kwanza ni mdogo wake aliyefariki.

Kwa hiyo anayerudia wimbo wa wimbi jipya kwa mlio wa mashine hajaruka ua wa jirani, ameingia tu chumba kingine cha nyumba ya kwao. Tena kuna suala la umri. Televisheni ya MTV ilianza kurusha matangazo tarehe 1 Agosti 1981, na kwa kuwa Waingereza walikuwa na video nyingi kuliko Wamarekani, mtoto wa Ohio au California alishinda akiwatazama vijana wa Kiingereza waliopaka wanja. Mtoto aliyekuwa na miaka 12 wakati huo alikuwa na 28 diski yako ilipotoka, naye amepata bendi yake, mashine yake na kisirani cha utu uzima. Trent Reznor wa Nine Inch Nails, aliyezaliwa mwaka 1965, ni mfano ulio wazi: mwaka 1992 alirudia wimbo wa Adam and the Ants, mwaka 1994 akarudia wa Joy Division kwa ajili ya filamu na mwingine wa Soft Cell, na mwaka 2000 akatoa wake wa Gary Numan. Hata kabla ya hapo, mwaka 1990, alikuwa ameupitisha kiwandani wimbo wa Queen uliotungwa na Freddie Mercury, ambaye sote tunajua alizaliwa Zanzibar. Queen si wimbi jipya, lakini nisingejisamehe kuliacha hilo.

Swali: Mzee, mimi ni fundi wa kuchomelea. Nimesikia kuna Wazungu wanaopiga drili na mabati jukwaani na watu wanalipa kiingilio. Mbona mimi nalalamikiwa na majirani bure? — Fundi, Gongo la Mboto

Jibu: Ni kweli, fundi, na wanaotajwa sana ni hao Einstürzende Neubauten, waliojikusanya Berlin Magharibi mwaka 1980. Inasimuliwa kwamba mpiga ngoma wao, anayejiita N.U. Unruh, aliuza ngoma zake kwa sababu ya ukata, akaanza kuokota vyuma. Mojawapo ya kanda zao za mwanzo ilirekodiwa ndani ya uwazi wa daraja la barabara kuu, mahali ambapo mtu hawezi hata kusimama vizuri, huku magari yakipita juu ya vichwa vyao. Januari 1984, katika ukumbi mmoja wa sanaa mjini London, baadhi yao pamoja na wanamuziki wenzao walipanda jukwaani na mashine za ujenzi na kuanza kulitoboa jukwaa lenyewe, na onyesho likakatizwa na wenye ukumbi. Kwa hiyo na wao walilalamikiwa. Tofauti yao na wewe ni kwamba walikuwa wameuza tiketi kwanza.

Swali: Hapa kazini Muscat tumebishana na mwenzangu wa kutoka Manchester kuhusu wimbo wa Tainted Love. Yeye anasema wenyewe ni Soft Cell na kwamba Marilyn Manson aliuiba. Mimi ninayo kwenye simu nakala nyingine ya polepole sana, ya kundi linaloitwa Coil, inayosikika kama ya msibani, nami naamini hiyo ndiyo ya kwanza kwa sababu inaonekana ya kale. Tuamulie. — A.M., Muscat

Jibu: Mmekosa wote wawili, A.M., na msigombane, kwa sababu wimbo huo umewapoteza wengi. Aliyeutunga ni Ed Cobb, Mmarekani, na aliyeuimba kwanza ni Gloria Jones, msichana wa Los Angeles, aliyeurekodi mwaka 1964. Ulitoka mwaka uliofuata, tena katika upande wa pili wa santuri, na hakuna aliyeujali. Ulifufukia ng'ambo. Mwanzoni mwa miaka ya 1970 vilabu vya Uingereza ya kaskazini vilikuwa na wazimu wa kutafuta santuri za soul za Kimarekani zilizoshindwa sokoni, na kadiri santuri ilivyokuwa adimu ndivyo madijei walivyojivunia kuwa nayo. Huo ukawa mmojawapo. Kule ndiko Marc Almond na Dave Ball, wawili waliokutana chuoni Leeds na kujiita Soft Cell, walikoupatia. Mwaka 1981 waliupunguza mwendo, wakaondoa tarumbeta, wakaweka milio miwili mikavu ya mashine ambayo mtu yeyote akiisikia anajua kinachofuata. Ulishika namba moja Uingereza, na Marekani ulikaa wiki 43 katika chati kuu. Manson aliurudia mwaka 2001, kwa hiyo katika foleni hiyo yeye ni mjukuu.

Lakini nakala uliyonayo wewe ndiyo ninayotaka kuizungumzia, kwa maana ndiyo sababu hasa ya mimi kuupenda utaratibu huu wa kurudia nyimbo. Nilikutana nayo katika kaseti ya kuazima. Nilikuwa nikiijua ile ya Soft Cell, iliyo chini ya dakika tatu na inayochezeka, hivyo niliposikia pigo moja zito kama la kengele, kisha kimya, kisha pigo jingine, na sauti ya mtu ikijikokota, niliamini kabisa kwamba betri za redio zimekwisha. Nikazitoa, nikazianika juani kama tulivyozoea, nikazirudisha saa moja baadaye. Kaseti ikaendelea kwa mwendo uleule. Hapo ndipo nilipoketi chini nikaisikiliza mpaka mwisho, karibu dakika sita.

Coil walikuwa John Balance na Peter Christopherson, na Christopherson ni mmoja wa wale wanne wa Throbbing Gristle niliowataja kwa mwanangu wa Tanga. Walitoa wimbo huo mwaka 1985, wakati UKIMWI ulipokuwa ukiwaua marafiki zao na magazeti ya Uingereza yakiwazungumzia wagonjwa kama watu waliojitakia, na faida wakaielekeza kwa Terrence Higgins Trust, shirika la hisani lililopewa jina la mmoja wa Waingereza wa kwanza kufa kwa ugonjwa huo. Ilikuwa miongoni mwa santuri za mwanzo kabisa kutolewa kwa ajili hiyo. Hawakubadilisha shairi. Maneno yaleyale ya msichana wa mwaka 1964 anayemkimbia mpenzi mkorofi, penzi lililoingia doa, ghafla yanasikika kama maneno ya mtu aliyelala kitandani hospitali, ambaye doa lake ni la damu. Katika video yake Marc Almond mwenyewe anaonekana, na hiyo inatosha kukuonyesha kama Soft Cell walijiona wameibiwa. Mwambie hivyo mwenzako wa Manchester, kisha mpeni Gloria Jones haki yake kwa kumsikiliza.

Swali: Mimi ni mtayarishaji mdogo wa muziki. Hawa wenye mikusanyiko ya namna hii waliwezaje kupata ruhusa ya nyimbo kubwa kumi na tano kwa mpigo, ilhali mimi kuomba wimbo mmoja wa zamani imenichukua mwaka mzima na sijajibiwa? — J.K., Nairobi

Jibu: Hawakuhitaji ruhusa kwa maana unayoifikiria, J.K., na hapa sheria ya Marekani ina jambo ambalo si kila nchi inalo. Wimbo una haki mbili zinazotembea pamoja kama pacha: moja ni ya utunzi, yaani shairi na tuni, na nyingine ni ya sauti iliyorekodiwa studio. Anayerudia wimbo kwa vyombo vyake na mdomo wake anaigusa ile ya kwanza tu. Kuhusu hiyo ya kwanza, sheria ya Marekani inasema kwamba wimbo ukishatolewa kwa umma kwa idhini ya mwenyewe, mtu mwingine yeyote anaweza kuurekodi na kuuuza, mradi atoe taarifa na alipe kiwango kilichowekwa kisheria. Mtunzi hana nafasi ya kukataa. Anayerudia anaruhusiwa kuupanga wimbo ulingane na mtindo wake, lakini haruhusiwi kuharibu tuni ya msingi wala kiini cha utunzi.

Jambo hili ni la zamani kuliko redio. Lilitungwa mwaka 1909 kwa sababu ya vinanda vilivyojipiga vyenyewe kwa karatasi zenye matundu, pale wabunge walipohofia kwamba kampuni moja ingenunua haki za nyimbo zote na kuifunga biashara. Kiwango kilikuwa senti 2 kwa kila wimbo kwa kila nakala, na kilibaki hivyo mpaka mwaka 1978. Diski ya S.H. ilipotoka mwaka 1997 kilikuwa senti 6.95, au senti 1.30 kwa dakika ikiwa wimbo ni mrefu, kiasi kwamba wimbo wa dakika saba ulilipiwa senti 9.10. Chukua sasa diski ya kubuni yenye nyimbo fupi kumi na tano: ni dola moja na senti nne na ushee kwa kila nakala. Nakala elfu moja zikisambazwa, kampuni inadaiwa dola 1,042 na nusu. Kwa kampuni ndogo hizo si fedha za kutupa, lakini hesabu yake inajulikana mapema, hakuna wakili wa kubembelezwa, na inapata diski ambayo mnunuzi anayaona majina ya nyimbo anazozijua hata kama hajawahi kusikia jina la bendi hata moja. Hiyo ndiyo siri ya wingi wa mikusanyiko hii katika miaka ya tisini.

Angalia vilevile kile ambacho sheria hiyo haikuwapa. Hawakuruhusiwa kuchomoa hata sekunde mbili za sauti ya studio ya wimbo wa asili, kwa kuwa hiyo ni haki ya pili, na mwenyewe anaweza kukataa au kutaja bei ya ng'ombe kwa kuku. Ndiyo maana katika diski hizo kila mlio wa kinanda umejengwa upya kuanzia msingi.

Na fedha huenda kwa mtunzi, si kwa aliyeupa wimbo umaarufu. Waulize Soft Cell. Upande wa kwanza wa singo yao ilikuwa Tainted Love ya Ed Cobb, na upande wa pili nao wakaweka wimbo wa kurudia, hivyo katika santuri iliyouzwa dunia nzima hawakupata mirabaha ya utunzi hata senti moja. Wangeweka wimbo wao wenyewe upande wa pili, wangelipwa sawa na Cobb kwa kila nakala.

Kwako Nairobi, usiutegemee utaratibu wa Marekani. Anza kwa kumtambua mwenye haki ya utunzi, ukipitia bodi ya hakimiliki na chama cha watunzi, na uwe na maandishi. Unakumbuka Malaika: Fadhili William aliurekodi, Adam Salim alidai kuutunga, Miriam Makeba akaupeleka duniani, Boney M wakauimba mwaka 1981, na mpaka leo ukilitaja suala la mtunzi katika baraza la wazee wa muziki, chai itapoa.

Swali: Kwa heshima, Mzee, nimeanza kuzikusanya kava hizi, yaani nyimbo za kurudiwa, lakini nyingi naziona ni kelele tu. Kuna kipimo cha kujua ipi ni nzuri? — Bi Z., Mombasa

Jibu: Masikio yako hayana kasoro, Bi Z. Nyingi ni kelele tu. Ukipata tatu nzuri katika diski nzima umepata faida, na zilizobaki zipo ili kujaza nafasi.

Mimi hujiuliza kama anayerudia amekiona kitu ambacho wimbo wenyewe ulikificha. Sweet Dreams ya Eurythmics ilirekodiwa na Annie Lennox na Dave Stewart kwa mashine ya kurekodia yenye njia nane tu za sauti, katika chumba kilichokuwa juu ya karakana ya fremu za picha mtaa wa Chalk Farm, London, na ilipovuma mwaka 1983 watu waliicheza bila kusikiliza kwamba shairi lake linazungumzia watu wanaotumiana na kudhalilishana. Marilyn Manson alipoirudia mwaka 1995 aliipunguza mwendo na kuinong'oneza, na maneno yaliyokuwa yamefichwa na kinanda yakasimama wima. Simpendi mwimbaji huyo, lakini kazi hiyo aliifanya. Kwa upande mwingine kuna bendi ya Orgy, iliyourudia mwaka 1998 wimbo wa Blue Monday wa New Order, wa mwaka 1983. Mpangilio ni karibu uleule, magitaa yameongezwa, sauti imekazwa. Ni kama kumwona mtu uliyemfahamu amerudi kutoka gym: salamu ni zilezile.

Kuna na jambo la kuchekesha katika Stripped ya Depeche Mode, ya mwaka 1986. Sikiliza mwanzo wake kwa spika nzuri. Ule mngurumo mzito unaobeba mapigo ni injini ya pikipiki iliyorekodiwa na kupunguzwa mwendo, na kuna mahali mwanzoni ambapo gari la mwimbaji wao, Dave Gahan, linawashwa. Rammstein wa Ujerumani waliurudia mwaka 1998 katika mkusanyiko wa heshima kwa bendi hiyo, kwa magitaa mazito na sauti ya kishindo, na ni nakala nzuri. Lakini ukiwa na uaminifu utakiri kwamba kiwanda kimo zaidi katika ule wa awali.

Halafu umtafute Gary Numan. Wimbo wake wa Cars, wa mwaka 1979, ulirudiwa na bendi nzito ya Fear Factory miaka ishirini baadaye, na badala ya kubaki nyumbani akipokea mirabaha, aliingia studio akaimba nao. Kufikia wakati huo yeye mwenyewe alikuwa ameanza kutoa albamu za muziki mzito unaofanana na wa vijana waliokuwa wakimrudia, nao Nine Inch Nails walimpandisha jukwaani London mwaka 2009, akaimba nyimbo zake za miaka thelathini kwa mapigo yao. Wewe anza na hizo za Numan, weka ya kwanza na ya kurudiwa jioni moja, kwa sauti ambayo majirani wataivumilia.

Swali la nyongeza kutoka kwa S.H., Tanga: Mzee, katika wimbo wa saba sauti inakatika na kurudia neno moja mara nyingi sana. Ni diski imeharibika au ndivyo walivyokusudia?

Jibu: Kwa muziki huu, mwanangu, hata mimi siwezi kukuapia. Ipige katika mashine nyingine. Ikirudia neno lilelile kwa idadi ileile na mapigo yanaendelea chini yake, ndivyo walivyokusudia. Ikikwama mahali tofauti, lowesha kitambaa laini kwa maji kidogo, uifute diski kwa kwenda moja kwa moja kutoka katikati hadi ukingoni, usiizungushe kama unayeosha sahani, na uiache ikauke mahali penye kivuli.